Mrejesho: yule wa maabara ya miche ya migomba

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama ni halali kampuni ya bayoteknolojia hapa Dar kunipigisha kazi saa 12 kwa siku bila ovataimu, eti "mimea haijui Jumapili".

Nilifuata ushauri wa kuandika masaa. Nikanunua daftari la kaunta, wiki 4 nzima, kuingia na kutoka. Nikampelekea dada wa rasilimali watu pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Mdogo wangu, niachie hili."

CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, sikufika. Wamelipa ovataimu ya miezi 2 kati ya 4, iliyobaki bado tunavutana, ila zamu zimegawanywa.

Sasa kinachonitesa ni otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Umeme ukikatika kabla midia (chakula cha miche ndani ya chupa) haijatimiza dakika 15 kwenye nyuzi 121, unaanza upya. Juzi kuna mtu hakuanza upya. Chupa zikaota ukungu mweupe kama pamba, vichipukizi vyote ndani vimekwisha. Nikaulizwa mimi, ambaye siku hiyo nilikuwa mapumziko. Daftari likaniokoa tena.