Je, Pasaka ilikuwa sikukuu ya wapagani kabla ya Ukristo?

Mkazi wa Kirumba
Ndugu wanajukwaa, nawatakia Kwaresima njema. Mhubiri mmoja aliyesimama karibu na mwalo ametangaza kwa kipaza sauti kwamba Pasaka ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, na kwamba mayai na sungura ni ushahidi wake. Nimelelewa kigangoni Usukumani na sijawahi kuona yai la rangi kanisani, sembuse sungura. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie.

Mwalimu wa Historia
Dai hilo lilienezwa katikati ya karne ya 19 na Alexander Hislop, mchungaji wa Uskoti, aliyejengea hoja juu ya kufanana kwa matamshi tu kati ya Ishtar na "Easter", jina la Pasaka kwa Kiingereza. Dai lenye uzito kiasi ni la Bede, mtawa wa Uingereza, aliyeandika mwaka 725 kwamba wahenga wake waliuita mwezi wa Aprili kwa jina la mungu wa kike Eostre na kumfanyia karamu. Lakini hakuna mwandishi mwingine wa kale anayemtaja, na Bede hagusii mayai wala sungura. Isitoshe, tangu karne ya 2 maaskofu Polikarpo wa Smirna na Aniseti wa Roma walikwisha kujadiliana kuhusu tarehe ya Pasaka.

Katekista Mstaafu
Nakuunga mkono, Mwalimu. Asili ya kabla ya Ukristo ipo, ila ni Pasaka ya Wayahudi, inayoanzia tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, mbalamwezi ikiwa pevu. Wataalamu wengi wa Biblia huona ndani yake sikukuu mbili za kale zaidi: dhabihu ya wafugaji, na mikate isiyotiwa chachu ya wakulima wa shayiri. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe siku moja, na kanuni iliyokubalika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kuhusu mayai, Ulaya yalikatazwa wakati wa Kwaresima, na kwa kuwa kuku hawafungi, yalirundikana hadi Pasaka.

Mchuuzi wa Dagaa
Shikamoo, Katekista. Kumbe ndiyo sababu! Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika, hivyo Ijumaa Kuu hutukuta mzigo ni haba. Mbona basi Waorthodoksi wa hapa Mwanza mara nyingi husherehekea baadaye?

Katekista Mstaafu
Marahaba. Wao hukokotoa kwa kalenda ya kale ya Juliasi, ambayo sasa iko nyuma ya kalenda yetu ya kawaida kwa siku 13, hivyo tarehe 21 Machi yao huja baada ya yetu.