Katalesi hasi na indoli hafifu: je, huyu ni Bacteroides fragilis?

Mleta mada:
Wanamaabara wenzangu, habari za kazi. Kwenye usaha wa jipu la tumboni nimepata vijiti vya Gram hasi (bakteria wa umbo la kijiti wasioshika rangi ya zambarau ya Gram), vilivyoota kwenye agari ya damu baada ya saa 48 bila oksijeni. Nilitarajia Bacteroides fragilis, ambaye kwa kawaida ni chanya kwa katalesi na hasi kwa indoli. Lakini katalesi (kimeng'enya kinachotoa mapovu kwenye peroksaidi) ni hasi, indoli (kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitengeneza) imetoa buluu hafifu, na visima vya sukari kwenye stripu ya utambuzi vimepauka kabisa, si vya zambarau (hasi) wala vya njano (chanya). Je, niisome stripu hivyo hivyo?

Mchangiaji wa kwanza:
Usiisome kwanza. Indoli husambaa ndani ya agari, kwa hiyo koloni isiyoitengeneza huonekana chanya ikiwa jirani yake anaitengeneza. Nashuku una bakteria wawili. Panda upya koloni moja kwenye agari ya chokoleti (yenye damu iliyopashwa moto) katika hewa ya kabonidayoksaidi, uone kama kuna anayeota penye oksijeni, na kwenye agari ya damu bila oksijeni. Kwenye hiyo ya pili weka diski za viuavijasumu: vankomisini mikrogramu 5, kanamisini mikrogramu 1,000 na kolistini mikrogramu 10. Kundi la B. fragilis (spishi hiyo na jamaa zake wa karibu) hustahimili zote tatu, ilhali Fusobacterium huzuiwa na mbili za mwisho. Vankomisini ikizuia, fikiria Clostridium, ambaye ni Gram chanya, aliyeshindwa kushika rangi ya Gram, ingawa Porphyromonas naye huzuiwa nayo. Binafsi huziamini diski hizi kuliko stripu yoyote.

Mchangiaji wa pili:
Naongeza kuhusu katalesi: kwa bakteria hawa hutumika peroksaidi ya asilimia 15, si ile ya asilimia 3, na sahani huachwa kwenye hewa kwa nusu saa hivi kabla ya kupima. Usikwangue agari, maana chembe za damu nazo hutoa mapovu. Visima vilivyopauka havimaanishi hasi. Bakteria wameondoa rangi ya kiashiria, basi dondoshea bromokresoli ya zambarau ndipo usome.

Mleta mada:
Nashukuru. Na indoli ikibaki chanya kwenye koloni safi?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo B. fragilis mwenyewe anaondoka, maana yeye ni hasi kwa indoli. Akiota kwenye nyongo ya asilimia 20 na kuifanya agari yenye eskulini (kemikali ya mimea) iwe nyeusi, mtafute B. thetaiotaomicron, ambaye huchachusha arabinosi na trehalosi, sukari ambazo B. fragilis haziwezi. Kwa ripoti ya awali ningeandika "kundi la B. fragilis" bila kungoja jina la spishi.