Naomba ushauri: kuhakiki makala ya profesa kwa jina langu wazi

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Niko Moshi, nafanya utafiti wa afya ya jamii, bado mchanga kwenye fani. Nimealikwa kuhakiki makala iliyoko F1000Research, jukwaa la mtandaoni la kuchapisha tafiti. Pale makala hutoka kwanza, wahakiki huja baadaye, na ripoti yako hukaa hadharani pamoja na jina lako.

Makala inahusu floraidi kwenye maji ya visima na meno ya watoto kubadilika rangi, jambo tunalolijua sana huku, hasa upande wa Arumeru. Upimaji wa maji umefanywa vizuri kabisa. Shida iko kwenye takwimu: watoto wa nyumba moja, wanaokunywa kisima kimoja, wamehesabiwa kana kwamba hawahusiani. Hapo matokeo yanaonekana ya uhakika kuliko yalivyo, na kuna watu watachimba au kufunga visima kwa kuyategemea.

Mwandishi mkuu ni profesa ninayemheshimu mno, na fani yetu ni ndogo. Mwongozo wa mgongano wa maslahi nimeupitia. Hatujawahi kufanya kazi pamoja wala hatuko taasisi moja. Rasimu ninayo, ila aya ya takwimu naifuta na kuirudisha.

Waliowahi kumkosoa mkubwa hadharani, mliipangaje lugha ikabaki na adabu bila kuficha kosa? Na kosa kama hili, nipitishe kwa masharti au nisipitishe hadi uchambuzi urudiwe?