Naomba ushauri: malalamiko ya wateja katika maduka ya serikali ya Kisovieti

Ndugu zangu, ninaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu maduka ya serikali ya Kisovieti katika miaka ya 1920, likiwemo GUM, duka kuu la serikali mjini Moscow, na naomba ushauri wa mliosoma historia ya wafanyakazi. Mteja aliyejibiwa kwa ukali au kupunjwa kwenye mizani aliweza kuandika lawama zake katika daftari la malalamiko, au kupeleka barua gazetini. Linalonigusa zaidi ni yule muuzaji nyuma ya kaunta, aliyeambiwa kwamba mapinduzi yamemkomboa kutoka kwa tajiri, kisha akatakiwa kumhudumia kila mteja kwa adabu, ilhali bidhaa zilikuwa haba na foleni haiishi. Kumhukumu kwa maneno ya wateja peke yake naona ni dhuluma.

Je, nizisome vipi barua hizo ili sauti ya muuzaji nayo isikike? Nianze na nyaraka za vyama vya wafanyakazi, au nilinganishe kwanza na maduka ya watu binafsi, yaliyoruhusiwa tena kuanzia mwaka 1921 hadi yalipopigwa marufuku mwaka 1931? Kirusi nakisoma bila shida.