MREJESHO: Ramani za kompyuta kwenye Dungeons & Dragons ya mezani

Wakuu, niliwauliza namna ya kuonyesha ramani za kompyuta mezani, maana hapa Mwanga, Kigoma, tunaucheza mchezo huu wa hadithi, ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, ana kwa ana na kuchora kila chumba kwa mkono kunakula muda. Asanteni sana, mmenisaidia kweli.

Nimefuata ushauri wa kulaza tivii: ya inchi 32, waya wa HDMI kutoka kwenye laptopu, juu yake kioo kilichokaa kwenye fremu ya mbao kisiguse skrini. Programu ya kuonyesha ramani ni Foundry. Unailipia mara moja, inakaa kwenye kompyuta yako, hailambi bando mkicheza. Kipimo alichonipa mdau kimekubali: kwa skrini ya 1920 kwa 1080, mraba wa ramani wenye pikseli 69 unatoka kama inchi moja, vinyago vya wahusika vinakaa sawia. Ule ukungu wa kwenye programu, unaoficha vyumba ambavyo wahusika hawajafika, ndio umewateka wachezaji. Mlango ukifunguliwa, wote wanainamia kioo!

Ushauri wa kila mtu kufuata ramani kwenye simu yake tumeuacha, watu waliacha kuangaliana. Umeme nao bado: ukikatika laptopu inabaki, tivii inazima, tunarudi kwenye karatasi ya miraba. Mwenye kujua inveta ya bei nafuu inayobeba tivii ndogo, naomba anielekeze.