Nilisoma CBG na sasa nataka MD (shahada ya udaktari): nifanye mtihani wa Fizikia au nipitie diploma ya utabibu?

Tausi_Tabata
Habarini za jioni kaka na dada zangu. Nina miaka 24, naishi Tabata, nauza kwenye duka la dawa muhimu la mama mdogo. Form six nilipangiwa CBG: Kemia C, Biolojia B, Jiografia B. Form four nina D ya Fizikia, B za Kemia na Biolojia, C ya Kiingereza, na Hisabati F.

Mwaka jana mama mdogo alilazwa, mimi ndiye nilikuwa namuuguza. Kila asubuhi madaktari wakipita kitanda kwa kitanda, naandika kwenye daftari vipimo na dawa wanazotaja, usiku natafuta maana yake. Tangu hapo sijatulia. Nataka kusomea udaktari.

Naona njia mbili: kufanya mtihani wa Fizikia ya form six kama mtahiniwa wa kujitegemea huku naendelea na duka, au kusoma diploma ya utabibu miaka mitatu, kisha niombe MD. Ndugu wanasema diploma ndiyo nyepesi. Nipangeje?

MD4_Upanga
Dada Tausi, pole kwa kuuguza. MD wanaangalia Fizikia, Kemia na Biolojia. Jiografia haikusaidii hata ungekuwa na A. B ni pointi 4 na C ni 3, kwa hiyo tayari una 7, na Fizikia ikija D unafika 9. Kuomba utaomba. Kuchaguliwa ni jambo lingine, maana kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni ruhusa ya kuingia kwenye foleni tu, na foleni ya Muhimbili ina watu wenye A na B. Ningekuwa wewe ningerisiti na Kemia.

Kabla ya kulipa chochote, beba vyeti uende ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, uwaulize kama matokeo ya miaka tofauti wanayaunganisha.

Mwl_Kimara
Nafundisha Fizikia kidato cha tano na sita. Watahiniwa wa kujitegemea ninaowaona wakianguka, wengi huangushwa na karatasi ya tatu, ile ya praktikali. Karatasi mbili za nadharia unaweza kuzisoma hata ndani ya mwendokasi. Ya tatu lazima mikono iizoee: pendula, daraja la mita, potenshomita, kupoa kwa maji. Mtihani ni Mei. Anza maabara Agosti; kwangu ipo kila Jumamosi. Anayekuja Aprili anakuta meza zimejaa, anabaki kuchungulia vipimo kwa bega la mwenzake.

Lakini kinachonitia wasiwasi kwako ni ile F ya Hisabati. Fizikia ya form six ni hesabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Kabla hujafungua Mekanika, tumia mwezi mzima kwenye logi, trigonometria, kuchora grafu na kutafuta mteremko wake. Kama duka lina kelele, Maktaba Kuu pale Bibi Titi kuna utulivu.

Tabibu_Mbagala
Mdogo wangu, hiyo F mimi naiona kwa upande mwingine, na naomba usome hapa taratibu.

Kuingia diploma ya utabibu unahitaji D nne, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Unaingia bila shida. Ila kutoka diploma kwenda MD wanataka GPA (wastani wa ufaulu chuoni) isiyopungua 3.0, na juu yake D za form four kwenye Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Hisabati imo! Mimi nililijua hilo nikiwa mwaka wa tatu, na GPA yangu nzuri mkononi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Miaka miwili nimerisiti Hisabati nikitoka zamu ya usiku.

Sijutii kuwa afisa tabibu. Nahudumia watu kila siku na naipenda kazi hii. Lakini anayeichukua kama ngazi aihesabu: mitatu ya diploma, mitano ya MD, mmoja wa utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini), jumla miaka 9. Ukirisiti na ukafaulu mara moja, ni mmoja wa mtihani badala ya mitatu ya diploma, jumla 7. Wanaokwambia ni nyepesi wanahesabu mlango wa kuingilia tu.

Mama_Ally
Mwanangu, umeshazungumza na mama mdogo kuhusu duka? Kusoma huku unauza hadi saa nne usiku, utashindwa vyote viwili. Panga naye saa kabla ya kupanga masomo.

Tausi_Tabata
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Kaka Tabibu, hiyo F nilidhani nimeshaizika.

Jana nimekaa na mama mdogo. Atashika duka kuanzia saa tisa alasiri na Jumamosi yote. Keshokutwa naenda udahili na vyeti. Wakisema wanaunganisha, najisajili Fizikia na Kemia dirisha likifunguliwa, na Januari Hisabati ya form four, ili njia ya diploma nisiifunge mwenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Hiyo maabara ya Jumamosi inaanza saa ngapi?

Mwl_Kimara
Marahaba. Saa mbili kamili asubuhi. Njoo na karatasi za grafu, penseli ngumu na rula ndefu.