MREJESHO: Laptop yenye Linux iliyokuwa inamaliza chaji ikiwa imelala, imepona

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona swali langu, nilikuwa nikifunga laptop usiku ina chaji 80% asubuhi naikuta 30% na ni ya moto, saa nyingine inaamka yenyewe ndani ya begi.

Basi nikafanya mlivyosema, nikafungua /sys/power/mem_sleep, faili linaloonyesha aina ya usingizi wa mashine, nikakuta mabano yamezunguka s2idle, yaani mashine inalala nusunusu tu, na deep, yaani usingizi mzito, ipo pembeni ila haitumiki. Nikaenda /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwasha mashine, nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye ule mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikapiga sudo update-grub, nikazima nikawasha. Usiku wa kwanza imekula 3% tu, nilifurahi mno aisee.

Ila kuamka yenyewe bado, na hili ndo lilinisumbua zaidi. Kwenye /proc/acpi/wakeup, orodha ya vifaa vinavyoweza kuamsha mashine, nikaona XHC, ambayo ni ya upande wa USB, imeandikwa enabled, nikapiga echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup ikatulia kabisa. Shida ukizima na kuwasha inarudi kama mwanzo, kwa hiyo nimeitengenezea servisi ndogo ya systemd (programu inayoendesha huduma za Linux) iifanye kila mashine inapowaka. Na angalieni amri hiyo ya echo msiipige mara 2, ile ya pili inairudisha tena!

Kama kwenye faili lile la mem_sleep huoni deep, njia ya kubadili usingizi haitakusaidia, laptop nyingi mpya ziko hivyo. Asanteni sana mlionijibu, yule aliyenielekeza kwenye wakeup ndo kaniokoa.